Mkunjo wa Katikati

Miguu yangu huanza kuuma saa nne asubuhi, na kazi yangu huisha saa kumi na moja jioni. Hapo katikati usiniulize habari. Mwaka wa thelathini na nne huu nasimama mbele ya meza ya kupigia pasi, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na wateja wameshasahau kwamba nina jina lingine zaidi ya Mama Pasi. Mashati, sare za shule, suti za watu wanaokwenda kwenye usaili, mashuka ya nyumba ya wageni ya pale kona. Vyote vinaingia vimekunjamana na vinatoka vimenyooka. Kama kuna kitu ninachokijua duniani ni mkunjo, na kama kuna kitu ninachokichukia ni hichohicho.

Chumba cha nyuma anakaa kaka yangu. Amenizidi miaka tisa, na ingawa nina sitini na mbili bado ananiita "wewe mtoto". Alikuwa mchora ramani, wale wa zamani wa kalamu na wino, na kazi yake ilikuwa kuchora mistari ya miinuko: mlima huu unapanda hivi, bonde lile linashuka vile. Mwenyewe hajapanda hata kilima. Zamani hizo aliona noti moja ya kigeni kwenye meza ya mwenzake wa ofisini, noti ya Bhutan, ufalme mdogo ulioko kwenye milima ya Himalaya, akaomba aitazame kidogo. Akaitazama mpaka saa ya kufunga ofisi, mwenzake akachoka akampa. Basi, kaka akapotea moja kwa moja. Wenzake walipotelea kwenye ulevi, yeye akapotelea kwenye noti.

Na si noti zozote. Anazitaka zile za mwanzo tu, za miaka ya sabini, wale watu walipoanza kuwa na pesa zao za karatasi. Pesa yenyewe inaitwa ngultrum, jina ambalo kila nikilitamka najisikia kama nimepaliwa na maji. Kuna ya moja, ya tano, ya kumi na ya mia. Nne tu! Ungedhani mtu anazimaliza upesi akaendelea na maisha yake, akaoa. Lakini wakusanyaji hawana akili kama zetu. Atataka ya moja iliyo mpya kabisa, kisha ya moja iliyopita mikononi mwa watu, kisha ya moja yenye namba za namna hii na nyingine yenye namba za namna ile. Alikuwa na albamu mbili nene, kila noti ndani ya kimfuko chake cha plastiki. Ya mia tu ndiyo hakuwa nayo.

Halafu macho yakaanza. Presha ya macho, alisema daktari, na ilikuwa imechelewa kujulikana. Jicho la kulia lilifunga miaka mitatu iliyopita. La kushoto likabaki kama tundu la ufunguo: anaona kidogo hapo katikati, pembeni hakuna kitu. Mapema mwaka huu daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba nalo huenda lisifike mwisho wa mwaka. Tukarudi nyumbani. Tulipofika mlangoni kaka akasema, "Nataka kitu kimoja tu. Niione ya mia kabla halijafunga."

Mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Kila siku nikishamaliza mzigo wa asubuhi nilikaa naye kwenye kitanda chake na albamu mapajani, nikamweleza noti moja moja. Mwanzoni nilikuwa nalipua tu, "Hapa pana mnyama, hapa pana nyumba," naye ananigombeza. Kwa miaka mitatu nikafundishika. Nikajua joka limekaa upande gani, ukuta wa ngome umeinama vipi, wino gani umenyanyuka kwenye karatasi na upi umelala. Nilimsomea barua zake na kumwandikia majibu. Nilikuwa nalalamika, sikatai, maana mgongo nao una haki zake, lakini ile nusu saa ndiyo peke yake niliyokuwa nakaa kitako kutwa nzima.

Barua zenyewe zilitoka kwa mtu mmoja tu, mfamasia mstaafu wa nchi ya jirani aliyekusanya noti zilezile. Kwa kuwa tulimjua kwa namba ya sanduku lake la posta, sisi tulimwita Mzee wa Sanduku. Simu hataki. Yeye na kaka hawajaonana hata siku moja, lakini wamebadilishana noti miaka kumi na tisa bila ugomvi. Utaratibu wao ni huu: anayeomba ndiye anayetangulia kutuma. Ndani ya bahasha, pamoja na noti, anaweka kikaratasi kinachoeleza hali yake yote, kila mkunjo, kila doa, kila tundu la pini, na chini anatia saini. Kikaratasi kikisema uongo, biashara imekwisha, na hakuna mara ya pili. Mzee wa Sanduku aliwahi kumtupa rafiki wa miaka mingi kwa sababu ya tundu moja la pini ambalo halikuandikwa.

Mwezi wa sita Mzee wa Sanduku alijibu ombi la kaka kwamba yuko tayari kuiachia ya mia, kama kaka ataiachia noti yake ya tano yenye namba ndogo sana, za mwanzo kabisa kuchapwa, ambayo alikuwa ameiomba miaka kumi na kaka akikataa. Siku hiyo kaka hakukataa. Aliniambia niitoe kwenye albamu, akaipapasa, akaniandikisha kikaratasi kutoka kichwani mwake. "Andika: mkunjo mmoja wa katikati, wa kusimama. Kona ya juu kulia imelegea. Hakuna doa." Akaweka saini yake iliyopinda, mimi nikachukua kila kitu kwenda nacho chumba cha mbele nikatafute bahasha.

Sasa hapa ndipo nilipojipalia makaa. Niliiweka noti kwenye meza yangu, na pasi ilikuwa ya moto. Mkunjo ule ulinitazama. Nikajiambia: kitu kinatoka nyumbani kwangu, kinakwenda kwa mtu wa maana, nchi ya watu, na kimekunjamana hivi? Watasema nini? Tena nikafikiri namfanyia kaka hisani, maana nani asiyetaka kitu kilichonyooka? Nikaweka kitambaa chepesi juu, nikanyunyiza wanga kidogo, nikapitisha pasi mara mbili. Wallahi ilitoka imenyooka utadhani imezaliwa jana. Nikajisifu.

Nilipotaka kufunga bahasha nikakiona kile kikaratasi: mkunjo mmoja wa katikati. Lakini mkunjo haupo tena! Nikashtuka. Kaka yangu hasemi uongo, na mimi siwezi kumpelekea mtu karatasi yenye uongo. Ndivyo nilivyofikiri, na nikilikumbuka hilo hadi leo nataka kujizaba kofi. Nikachukua karatasi mpya nikaandika: "Haina mkunjo. Kona imelegea kidogo. Hakuna doa." Nikaenda nayo chumba cha nyuma.

"Tia saini tena," nikamwambia kaka. "Kalamu ilimwaga wino."

"Wewe mtoto, mikono yako mizito," akasema, akasaini.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Bahasha ilikuwa nene, kaka aliipapasa akacheka kwa sauti, jambo ambalo nilikuwa sijalisikia tangu kwa daktari. "Imefika!" akasema. "Fungua taratibu. Usichane." Nikafungua taratibu. Ndani haikuwamo ya mia. Ilikuwamo ya tano yetu wenyewe, kikaratasi nilichoandika mimi, na barua fupi. Niliisoma kimyakimya, na nitaiandika hapa kama ilivyokuwa, maana naikumbuka yote:

"Noti hii imepigwa pasi. Nimeiweka kando ya taa na mkunjo wa katikati nimeuona, umefichwa tu. Wino wake umelala, karatasi inang'aa na inanukia wanga. Umesaini kwamba haina mkunjo. Bora ungeniletea iliyokunjwa mara ishirini ukaniambia kweli. Miaka kumi na tisa nilikuwa nawaambia watu kwamba nina mtu mmoja mkweli. Nakurudishia kilicho chako. Usiniandikie tena."

Kaka alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu, anasubiri awekewe noti.

"Vipi?" akasema. "Umekuwa bubu?"

Nikakunja ile barua, nikaanza kusoma barua nyingine iliyotoka kichwani mwangu. "Anasema... anasema anaumwa. Kifua. Amelazwa, noti imo kwenye kabati lake na funguo hakumwachia mtu. Anakuomba radhi. Akipata nafuu ataituma."

"Na bahasha nene kwa nini?"

"Ametuma makaratasi ya hospitali," nikasema. Sijui yalinitoka wapi. Kaka aliteremsha mkono akasema maskini, mzee wa watu, na mimi nikaenda zangu chumba cha mbele nikapiga pasi mashuka kumi na mawili bila kuona hata moja.

Usiniambie kwamba ningesema ukweli palepale. Najua. Lakini wewe hukuuona ule mkono ulionyooshwa. Nilijipa matumaini kwamba nitatengeneza kabla hajajua, kama nilivyowahi kutengeneza shati la mteja lililoungua ukosi. Jioni ileile nikamwandikia Mzee wa Sanduku kwa jina langu: mimi ni dada yake, mimi ni mpiga pasi, mimi ndiye niliyeinyoosha na mimi ndiye niliyebadilisha kikaratasi, kaka haoni na hana habari. Nikatuma. Nikasubiri wiki moja, mbili, nne. Kimya.

Huko ndani mambo yalizidi kuniwia magumu. Kaka aliniandikisha barua ya pole, ndefu, yenye ushauri wa kunywa maji ya moto na kuepuka vumbi. Niliiandika yote, nikaificha kwenye droo. Kila siku aliuliza kama posta wamefungua. Na kila siku tulipokaa na albamu alikuwa anasogeza karatasi karibu zaidi na jicho, mpaka pua ikagusa plastiki, na alipokosa kuona alisema taa ya chumba hiki ni mbovu. Taa ilikuwa nzima. Nilikuwa nimechoka mwili, sasa nikachoka na roho, na uchovu wa namna hiyo haukubali kulala.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumatatu, alinitokea chumba cha mbele akipapasa ukuta, amevaa koti lake la kazini la zamani.

"Nitakwenda kumtazama mgonjwa," akasema. "Nimeshaamua. Utanipeleka stendi, nitapanda basi la kesho."

"Kwa macho gani, kaka?"

"Kwa hayahaya. Mtu amelala hospitali miezi miwili, nami nakaa hapa nadai noti? Nimeona aibu. Wala simwendei kwa ajili ya noti, namwendea yeye."

Niliizima pasi. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, hakuna tena pa kupitia.

"Kaka, kaa."

"Sikai. Sema."

"Mzee wa Sanduku haumwi."

Nikamweleza yote, kuanzia mkunjo mpaka droo. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Ile barua unayo?" Nikasema ninayo. "Isome. Yenyewe." Nikaisoma yote, hata pale pa mtu mmoja mkweli. Kisha akaitaka noti. Akapitisha kidole gumba juu yake polepole, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine.

"Wino umelala kweli," akasema.

"Nisamehe, kaka. Sikujua. Kwangu mimi mkunjo ni mkunjo."

"Noti uliinyoosha kwa kutojua. Hilo nimelimeza, limeshuka. Barua je?"

"Sikutaka uumie."

"Barua uliinyoosha kwa kujua."

Akabaki amesimama na koti lake, halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anajiuliza mwenyewe, "Na zile nyingine?"

"Zipi?"

"Miaka mitatu unanisomea. Barua, karatasi za daktari, namba za noti. Zile nyingine zilikuwaje?"

"Zote zilikuwa kweli. Naapa."

"Sawa, umeapa," akasema. "Mimi nitajuaje?"

Hapo hasira ilinipanda, nasema wazi. Miaka mitatu nampikia, namkata kucha, namvusha barabara, namsomea mpaka mistari ya chini ya kopo la dawa, na kwa barua moja, moja tu, niwe mwongo wa maisha? Nilitaka kumjibu. Lakini nilimtazama, amegeuza uso upande wa dirisha ambako anadhani nipo, na sipo, nikafunga mdomo. Alikuwa anauliza jambo la kweli. Mtu asiyeona anajuaje?

Kesho yake hakwenda stendi. Aliniomba nimvushe barabara hadi kwa fundi viatu. Huyu fundi ni mtu mwema, wa makelele kidogo, anasoma na kuandika vizuri ila kwa pupa. Nilimfikisha kaka mlangoni, akaniachia mkono. "Nisubiri nje," akasema. Nikakaa kwenye benchi la wateja. Mlango ulikuwa wazi na fundi hana sauti ndogo, kwa hiyo kila sentensi kaka aliyoisema niliisikia ikirudiwa na fundi anapoiandika barua ya kwenda kwa Mzee wa Sanduku. Hakunitupia lawama. Kitu alichosema kilikuwa hiki: "Nilisaini karatasi nisiyoiona, na jina ni langu. Kosa ni langu. Nakuomba uniache niwe mtu uliyekuwa unamsema."

Albamu nazo hatukuzifungua tena. Asubuhi nikiingia na chai alikuwa anashukuru, anauliza miguu inaendeleaje, anataniana nami kidogo kuhusu wateja. Hakuwa na kinyongo. Kama angekuwa nacho ningejua la kufanya, ningegombana naye yakaisha. Ila nikishika gazeti nimsomee, alikuwa anasema, "Acha tu, pumzika." Nilipumzika mpaka nikachoka kupumzika.

Mwisho wa mwezi wa kumi tarishi alileta bahasha yenye mwandiko wa Mzee wa Sanduku. Nikampelekea kaka mkononi. Akaipapasa kingo zote kujua kama imefungwa, akatia mfukoni. "Nivushe," akasema.

Nikamvusha. Nikakaa benchi lile. Fundi aliacha nyundo, akachana bahasha, kaka akampigia kelele asichane, akaanza kusoma. Mzee wa Sanduku alisema barua ya dada aliipata zamani lakini hakuiamini, alidhani ameandikishwa. Barua ya pili aliiamini, kwa sababu mtu anayetaka kujitetea hasemi kosa ni langu. Aliomba radhi kwa maneno yake. Ya tano akae nayo kaka, iwe fundisho kwetu sote watatu, na ya mia ndiyo hii imo ndani, maana amesikia kuhusu jicho. Kisha fundi akasoma kikaratasi cha hali: mikunjo miwili, doa dogo la chai nyuma, saini.

Machozi yalinitoka bila mimi kuyaita. Jina la kaka lilikuwa limerudi. Nikainuka kidogo pale benchi, kwa mazoea, maana hii ndiyo ilikuwa saa yangu. Ya mia nilikuwa sijawahi kuiona, lakini nilijua kaka atataka kuanza na upande gani, atauliza nini kwanza, taa ikae wapi.

Nilijua ameisogeza kwenye jicho la kushoto, anaigeuza, anaisogeza tena.

"Naona rangi," alisema mwishowe. "Rangi tu. Fundi, hebu nieleze. Kuna nini hapo?"

"Mzee wangu, mimi mambo haya siyajui. Kuna mtu. Ana kitu kichwani. Huku kuna jengo, jengo kubwa kubwa hivi. Na mauamaua ya kuzunguka."

"Jengo liko vipi? Ukuta wake?"

"Ukuta ni ukuta tu, mzee. Nikuongezee nini?"

"Usiongeze," kaka akasema. "Sema hivyohivyo unavyoona. Rudia tena, kuanzia kwa yule mtu."

Fundi akarudia. Kuna mtu. Kuna jengo. Kaka akasema ndiyo, ndiyo, endelea, na kwa sauti yake nilijua kwamba anatabasamu. Mimi nikakaa tena kwenye benchi la nje, nikavua viatu vilivyokuwa vinanibana, nikawasubiri wamalize.